Mtani Kwenye Maji Moto

Anselmi alinipigia simu siku ya pili ya likizo fupi, akaniambia kwamba mjomba wake amejenga bafu la Kijapani kwenye chemchemi ya maji moto huko Kisaki, na kwamba ananialika tukaoge. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa. Sauti hiyo ndiyo iliyonitia wasiwasi, kwa sababu wiki tatu kabla ya hapo Anselmi alikuwa amerudishwa nyumbani kwa kosa nililolifanya mimi.

Nilieleze kosa lenyewe, msomaji asije akadhani niliua mtu. Shule yetu ni ya bweni, iko kwenye mteremko wa Uluguru, juu kidogo ya mji wa Morogoro. Muhula ule tulikuwa tumekula maharage siku arobaini na moja mfululizo. Siku ya arobaini na mbili, kwa kuguswa na hali ya wananchi wenzangu, niliandika barua ya serikali. Barua hiyo iliujulisha uongozi wa shule, kwa unyenyekevu mkubwa, kwamba kutokana na utafiti unaoendelea juu ya afya ya vijana, maharage yamesitishwa katika shule zote za bweni kwa siku kumi na nne, na badala yake upikwe mchele uliohifadhiwa kwa ajili ya wageni. Muhuri niliuchonga kwa wembe kwenye kisigino cha kandambili kuukuu. Nikaupaka wino wa bluu, nikaugonga, nikaiacha barua kwenye meza ya karani pamoja na nyingine.

Barua ikasomwa na ikatiiwa. Mama Filomena, mpishi wetu mkuu, alipika wali siku tatu, na kwa siku tatu hakuna mwanafunzi aliyeugua. Siku ya nne mkuu wa shule akapiga simu wilayani kutoa shukrani.

Mabweni yalipekuliwa mchana huohuo. Niliposikia viatu vya Mwalimu Yakobo, mwalimu wa nidhamu, vikipanda ngazi, niliutupa ule muhuri kwenye sanduku la kwanza lililokuwa wazi. Lilikuwa la Anselmi, ambaye hulala kitanda cha chini yangu. Naapa sikulichagua. Anselmi alipoulizwa hakusema kitu. Alinitazama mara moja tu, kisha akatazama sakafu. Akapewa barua ya kurudi nyumbani na kuambiwa aje na mlezi wake Jumatatu ya kufungua shule baada ya likizo fupi, la sivyo jina lake lifutwe.

Hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na neno la mwisho juu yake ni la mjomba. Mjomba Castory alikuwa ameshatoa neno lake. Alisema hawezi kusimama mbele ya walimu kumwombea mtu anayechonga mihuri ya serikali. Anselmi atabaki Kisaki, atatunza bafu, na shule iishie hapo kwenye kidato cha tano. Hayo yote Anselmi aliniambia kwenye simu, halafu akamalizia kwa kuniuliza kama nina taulo.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Nilikaa kitandani kwa shangazi yangu, huko Bigwa, nikafikiri. Kama ningekuwa Anselmi, na mtu amenifanyia vile, ningemwalika wapi? Ningemwalika mahali pa mbali, ambako atavua nguo zake mwenyewe bila kulazimishwa, kisha atumbukie kwenye maji yanayochemka. Mpango ulikuwa mzuri hata nikauonea wivu. Lakini kukataa kungekuwa sawa na kukiri. Kesho yake nikapanda basi la Kisaki, nikiwa na sabuni yangu, maji yangu ya kunywa, na mikate miwili ya shangazi, kama mtu anayekwenda kula kwa adui.

Anselmi alinipokea stendi. Akanibebea begi. Nikamwambia ningeweza kulibeba mwenyewe, akasema hapana, wewe mgeni. Tangu tuanze kidato cha kwanza pamoja hajawahi kunibebea hata daftari. Nilitembea nyuma yake hatua tatu, nikiangalia njia.

Tulipokaribia, harufu ya mayai yaliyooza ikatupokea. Anselmi akasema ni madini ya kwenye maji. Nilipokea maelezo hayo bila kuyakubali.

Mjomba Castory alikuwa amesimama mlangoni pa uzio wa mianzi, mtu mfupi, mnene, amevaa kanzu fupi ya bluu iliyofungwa kwa mkanda wa kitambaa. Zamani aliwahi kupelekwa Japani miezi mitatu kujifunza kilimo cha mpunga. Kwa maelezo ya Anselmi, habari za mpunga alizisahau kwenye ndege. Alichorudi nacho ni bafu. Alikaa miaka akiwaambia watu kwamba Wajapani wana maji moto kama ya Kisaki, lakini wao wanayaheshimu, wakati sisi tunachemshia mihogo.

Nikamwamkia shikamoo. Akauliza nimetoka kabila gani. Nikasema Mnyamwezi, wa Tabora.

Uso wake ukafunguka kama dirisha. Wanyamwezi na Waluguru ni watani tangu enzi za misafara, na mtani hana kosa: anaweza kukutukana mbele ya mkeo, kuchukua kuku wako, hata kuvuruga msiba wako, nawe huruhusiwi kukasirika. Mjomba Castory akakataa kuitikia. Alisema shikamoo ya Mnyamwezi ni nyepesi, inabidi ziwe tatu ndipo itimie moja. Nikampa tatu. Akaniuliza mzigo wa meno ya tembo nimeuacha wapi, na kama babu yangu ameshamaliza kulipa chumvi aliyoilamba akipita hapa. Nikamjibu kwamba babu aliniagiza nije kuchukua mabaki ya mlima, maana alipopita aliwaachia Waluguru wautunze tu. Alicheka mpaka mkanda wa kanzu ukalegea.

Nilicheka pia, lakini moyoni nilijiuliza. Mtu mwenye mpwa aliyefukuzwa shule anapata wapi furaha yote hii?

Akatuonyesha bafu lake. Kusema haki, lilikuwa zuri. Maji ya chemchemi yaliingizwa kwa mfereji kwenye bwawa la mawe ya mtoni, na mfereji mwingine ulileta maji baridi ya kuyapoza. Pembeni palikuwa na vigoda vifupi, ndoo ndogo na kata. Kwenye ubao aliandika sheria saba. Unaoga kwanza nje kwa sabuni, mpaka utakate. Huingii na sabuni. Huruki. Hupigi kelele. Mdogo hatoki kabla mkubwa hajatoka. Nyingine nimezisahau. Alikuwa amebadilisha sheria moja tu ya Wajapani: wao huoga uchi, ila mjomba na mpwa wa Kiluguru hawawezi kuonana hivyo, kwa hiyo kila mtu alipewa bukta safi ya bafuni.

Akanikabidhi yangu, imekunjwa vizuri, na akaenda kufunga valvu ya bomba la maji.

Sasa fikirieni. Nimepewa bukta na watu wenye sababu ya kunichukia. Kule bwenini mimi mwenyewe ndiye niliyempaka kiranja mkuu upupu kwenye shuka, akajikuna mpaka Jumapili. Kwa hiyo niligeuza bukta ndani nje, nikaichunguza mishono kwenye jua, nikaipiga kwenye mwanzi, nikaipuliza. Kisha nikasugua kipande kidogo cha kitambaa chake kwenye mkono na kusubiri dakika tano. Anselmi alikuwa ameshavaa yake, amekaa kwenye kigoda, ananiangalia.

"Haina upupu," alisema.

Nikamwambia sikuwa nawaza hilo. Nikavaa, nikakaa kigoda cha pili, tukaanza kujisugua. Mjomba wake alikuwa bado upande wa pili wa uzio, anagonga bomba. Niliona nisipouliza wakati ule nitapasuka.

"Mjomba wako anajua nini?"

"Anajua muhuri ulikutwa kwenye sanduku langu."

"Na wewe unajua nini?"

Alichota maji kwa kata, akajimwagia kichwani taratibu, akapangusa macho.

"Mimi najua nalala chini yako, Luqmani. Vipande vya kandambili vilikuwa vinanidondokea usoni usiku mzima."

Nilisugua goti lilelile mara tatu. Mwishowe nikamuuliza, kama ni hivyo, kwa nini amenialika.

"Jumatatu inakuja," alisema. "Ikipita sirudi tena. Wewe utamaliza shule, utakwenda chuo, mimi nitakuwa hapa nafagia mawe. Nikasema basi tuoge kwanza."

Jibu lilikuwa zuri mno. Nililigeuza ndani nje kama ile bukta, nikalitafutia mshono. Nikawaza kwamba pengine amepanga niseme kwa mdomo wangu, mjomba akiwa amejificha nyuma ya mianzi na simu ya kurekodi. Nikasimama kuchungulia. Mjomba Castory alikuwa amepiga magoti kwenye matope, anafunga bomba kwa mpira wa baiskeli.

Tuliingia kwenye maji wote watatu. Yalikuwa moto kweli, moto wa kukufanya uingize kidole, ukitoe, ukumbuke mambo uliyoyafanya. Mjomba Castory alizama mpaka shingoni, akaweka kitambaa kilichokunjwa juu ya upara, akafumba macho. Mbele yake, pale mfereji wa maji moto ulipoingilia, palikuwa na kikapu cha mayai yanayojichemshia yenyewe. Hakuniuliza kitu. Nilisubiri aulize. Nilikuwa nimeandaa majibu manne, moja zuri sana. Dakika zikapita, jasho likanitoka puani, na mzee akatulia tu kama mtu asiye na shida yoyote na mimi. Nikaanza kuhisi kwamba hiyo ndiyo mbinu yenyewe, kwamba kule Japani ndivyo wanavyohoji watu. Anselmi alikuwa ameegemea jiwe, anatazama milima kule mbali, upande wa shule.

Nikamtazama anavyotazama. Na hapo, sijui ni joto, nikasema.

Nilisema: "Mjomba, ule muhuri ni wangu. Nilichonga mimi, barua niliandika mimi, Anselmi hana kosa."

Mjomba Castory alifumbua jicho moja. Kisha kitambaa kikaanza kutikisika juu ya upara, mabega yakafuata, na mwisho akacheka kwa sauti, kinyume cha sheria ya ubao wake mwenyewe.

Alituambia kwamba walipomzika mama yake, kule Matombo, alikuja Mnyamwezi mmoja, akarukia kaburini kabla ya jeneza, akalala chali, akasema azikwe yeye kwanza kwa sababu bibi yule alikuwa na deni lake la ugoro. Watu waliokuwa wanalia wakaanza kucheka. Ilibidi apewe jogoo ndipo atoke. "Nawe umekuja kulala kwenye kaburi la mwenzio," aliniambia. "Umefanya vizuri, mtani. Asante sana." Akachukua yai moja kwenye kikapu, akanipa, kama ndiyo jogoo wangu.

Nilibaki nimeshika yai. Miaka mitano nimedanganya walimu, viranja, wapishi na daktari mmoja wa meno, na wote waliniamini. Siku ya kwanza ninasema kweli, nalipwa yai.

Nikajaribu tena. Nilieleza kila kitu, kuanzia siku arobaini na moja za maharage. Huko ndiko nilikokosea. Nilipofika kwenye utafiti wa afya ya vijana, mjomba alishika ukingo wa bwawa. Nilipofika kwa mkuu wa shule kupiga simu kutoa shukrani, alizama, akaibuka anakohoa, akaniomba kwa mkono ninyamaze asije akafa. Akasema Wanyamwezi Mungu kawapa. Akasema hadithi ile lazima niisimulie harusini. Kila nilivyoongeza ukweli, ndivyo alivyozidi kunipenda.

Anselmi hakucheka. Alikuwa amenitazama tangu nilipoanza kusema, na sasa aliteremsha macho kwenye maji, taratibu, kama siku ile ya bwenini. Nadhani na yeye alianza kushuku. Mtu niliyekuwa mimi angeweza kabisa kukiri kwa namna ambayo hakuna atakayemwamini, halafu akarudi nyumbani akiwa amekiri na hajaadhibiwa. Ni mbinu safi. Ningekuwa nimeifikiria, ningeitumia.

Nikatoka kwenye maji kabla ya mkubwa. Mjomba Castory akaniambia, bado anacheka, kwamba nimevunja sheria ya tano. Simu yake ilikuwa imening'inizwa kwenye mfuko wa nailoni juu ya nguzo ya uzio, maana hapo tu ndipo mtandao unashika. Nikaomba niitumie. Namba ya Mwalimu Yakobo niliijua kwa kichwa. Ni mtu asiye na utani na kabila lolote. Nikaweka spika.

"Shikamoo mwalimu. Ni Luqmani, kidato cha tano."

"Marahaba. Una nini wakati wa likizo?"

"Muhuri wa wilaya ni wangu. Niliutupa kwenye sanduku la Anselmi."

Nyuma yangu maji yaliacha kutikisika. Kwa mwalimu nikasikia jogoo akiwika.

"Kisigino cha kushoto au cha kulia?"

"Kulia, mwalimu. Namba tisa."

"Rangi?"

"Kijani chini, nyeupe juu."

"Nimeisubiri simu hii wiki tatu," alisema Mwalimu Yakobo. "Anselmi hajawahi kuandika 'kwa unyenyekevu mkubwa' mara tatu kwenye ukurasa mmoja. Anayeandika hivyo shuleni ni mmoja. Ila sikuwa na ushahidi, na mwenzako alifunga mdomo. Jumatatu saa mbili asubuhi uwe ofisini kwangu na mlezi wako. Usije na nguo nyingi, huenda hutakaa. Anselmi naye aje na mlezi wake, tumwombe radhi."

Akakata. Yeye huwa haagi.

Nilisimama pale na bukta inayochuruzika, nikiwaza namna ya kumwambia shangazi, na jinsi shangazi atakavyomwambia baba kule Tabora, na kwamba baba hana simu yenye sauti ndogo. Sikutaka kugeuka. Nilisikia maji yakimwagika, miguu ikipanda mawe. Nikajiandaa kwa kofi. Kwa mara ya kwanza tangu nifike sikuwa na shaka yoyote juu ya kitakachotokea.

Kofi halikuja. Mjomba Castory alinipita. Alikuwa hacheki tena, na bila kicheko uso wake ulikuwa wa mtu mwingine, mzee zaidi. Alimwambia Anselmi atoke, akae kwenye kigoda. Anselmi akatoka, akakaa.

"Ulijua ni huyu?"

"Nilijua, mjomba."

"Wiki tatu nakuita mghushi mbele ya mama yako, na wewe unajua."

"Ndiyo, mjomba."

"Mbona hukusema?"

Anselmi alifikiri. Alisema kwamba alitaka niseme mwenyewe. Kisha akaongeza, bila kunitazama, kwamba alikuwa ameshakata tamaa kuanzia jana, tulipoongea kwenye simu.

Mzee alivuta pumzi. Akachukua dodoki kavu lililotundikwa kwenye uzio, akalichovya, akalipaka sabuni. Akavuta kigoda kingine, akakaa nyuma ya mpwa wake, na akaanza kumsugua mgongo. Alisema kule Japani mdogo humsugua mkubwa, ndiyo heshima yao. Hakueleza kwa nini yeye anafanya kinyume. Sikuwahi kuona mjomba wa mtu akimwogesha mpwa aliyeota ndevu. Anselmi aliinamisha kichwa, akashika magoti yake, na mabega yake yakaanza kutetemeka kidogo, na mzee akaendelea kusugua tu, polepole, kuanzia shingoni mpaka kiunoni, kama hajaona.

Nikaanza kunyata kwenda kwenye nguo zangu.

"Wewe kaa hapo," alisema Mjomba Castory bila kugeuka. "Jumatatu tutakwenda wote kwenye gari moja. Nikimaliza huyu, ni zamu yako."

Nikakaa. Zamu yangu ya nini, hakusema. Alimmwagia Anselmi kata tatu za maji ya uvuguvugu, akamwambia arudi bwawani apate joto. Kisha akaliweka lile dodoki la Anselmi pembeni, akanyoosha mkono kwenye uzio, akachagua lingine. Lilikuwa kubwa zaidi, kavu kabisa, na mbegu zake bado zilikuwa zinachakacha ndani. Hakulichovya.

Nikamgeuzia mgongo, nikashika magoti yangu.